UZI: Kuilinda mashua ya tanga wakati wa kimbunga: mahali, kamba na maji yanayopanda

Amari Ndefu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kila mwaka maswali yaleyale hurudi: nanga ya aina gani, kamba ya unene gani, nibaki majini au nipande nchi kavu. Naona ni vyema tuyajadili sasa, wakati hakuna kimbunga chochote kwenye ramani, kwa kuwa mtu anayeanza kuuliza baada ya onyo kutolewa hukuta sehemu kubwa ya majibu haimfai tena.

Msimamo wangu nauweka wazi ili wa kupinga apinge. Mashua nyingi zinazopotea kwenye vimbunga hazivunjwi na upepo wenyewe. Zinapotea kwa sababu maji yalipanda kupita kimo alichokipigia hesabu mwenye chombo, au kamba ilikatwa na msuguano, au mashua ya jirani iliachia ikaja kuwaangukia wengine. Kwa hiyo anayemaliza fedha zake zote kwenye nanga kubwa, huku amari yake, yaani kamba ya nanga, ikipita juu ya ukingo wa chuma usiovishwa chochote, bado hajajilinda.

Tuanze na hesabu ya upepo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Kimbunga cha daraja la 1 katika kipimo cha Saffir-Simpson huanzia kilomita 119 kwa saa. Kimbunga Beryl kilipotua katika kisiwa cha Carriacou, Grenada, tarehe 1 Julai 2024 kilikuwa cha daraja la 4, na upepo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 240 kwa saa. Kasi ni kama mara mbili, lakini mzigo unaobebwa na kamba na nanga ni mara nne. Ndiyo maana kazi ya kwanza, ambayo haihitaji kununua chochote, ni kupunguza kila kinachoshika upepo: matanga yote, turubai la kivuli, kinga ya mlangoni, paneli za sola, mtumbwi uliofungwa sitahani, maboya, majerikani. Henza, yaani kamba za kupandishia matanga, zipandishwe hadi kileleni mwa mlingoti, na chini ibaki kamba moja nyembamba ya kuzirudishia baadaye.

Hapo kwenye matanga naomba tusimame kidogo. Wengi hushusha tanga kuu, wakaliacha tanga la mbele likiwa limeviringishwa kwenye waya wake, wakiongeza tu vizungusho vichache vya kamba. Kwa macho linaonekana limetulia. Lakini upepo hutafuta mahali pamoja palipolegea, aghalabu karibu na pembe ile inayofungwa kamba za kulivutia, huchomoa mkunjo mdogo usiozidi upana wa kiganja, kisha huutikisa mkunjo huo saa nzima mpaka upanuke. Likishafunguka, tanga lile huanza kupiga kama bendera iliyopagawa, mlingoti unatetemeka hadi chini, na mashua inayumba huku na huku ikizichomoa nanga zake. Kulishusha ni kazi ya muda mfupi siku ya utulivu, na haiwezekani kabisa mvua za mwanzo zikishaanza kupiga. Kwa sababu hiyo huwa nashauri litangulie kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mahali. Hakuna hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linalostahili kuaminiwa kwa sifa yake tu. Ensenada Honda katika kisiwa cha Culebra lilihesabiwa kuwa miongoni mwa maficho bora ya Karibi, na kwa sababu hiyohiyo mashua zilijazana humo kimbunga Hugo kilipokuja Septemba 1989. Zilizoachia ziliburuta zilizokuwa zimefungwa vizuri, na ufuo ukajaa mabaki. Ziwa la Simpson Bay huko Sint Maarten lilishuhudia hali kama hiyo wakati wa Luis mwaka 1995, na tena wakati wa Irma mwaka 2017, mwaka ambao hata mashua za kukodi zilizojificha Paraquita Bay, Tortola, zilirundikana moja juu ya nyingine. Kila mara hori lilikuwa zuri kwa mashua chache, likaharibiwa na wingi wa waliolikimbilia. Nikichagua maficho, baada ya kutazama milima inayokinga upepo na udongo wa chini, natazama nani atakuwa upande wangu wa joshini, yaani unakotoka upepo, amefungwa na nini, na yuko wapi mwenyewe.

Kuhusu muda: Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa tahadhari saa 48 na onyo saa 36 kabla ya upepo wa dhoruba ya kitropiki kutarajiwa kufika. Saa 36 zinaonekana nyingi mpaka utakapojumlisha foleni ya kreni, madaraja yanayofungwa, maduka ya kamba yaliyoishiwa na familia inayokusubiri nyumbani. Tena ile koni inayochorwa kwenye ramani inaonyesha mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, na takriban mara moja kati ya tatu kitovu hutoka nje yake. Haisemi lolote kuhusu upana wa dhoruba. Kuwa pembeni ya koni si kuwa salama.

Karibuni.

Fundi wa Mkuku

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuweka msingi. Mimi ni wa yadi, na nitazungumzia nchi kavu, kwa sababu naamini kwamba pale ambapo maji hayatafika, nchi kavu ndiyo mahali bora kuliko hori lolote, mradi kazi ifanywe inavyotakiwa.

Watu huona mashua imekaa juu ya magadi, yaani nguzo za kuiegemeza nchi kavu, wakadhani imemaliza safari. Ivan ilipoipiga Grenada tarehe 7 Septemba 2004, kisiwa ambacho wengi walikikimbilia wakiamini kiko kusini mno kufikiwa na vimbunga, mashua zilizokuwa yadini ziliangushana mfululizo. Gadi la kawaida limetengenezwa kubeba mzigo wa kushuka chini. Halikutengenezwa kuzuia msukumo wa ubavuni. Mvua hulainisha udongo, mguu wa gadi unazama vidole vinne tu, mashua inainama kidogo, na upepo unamaliza kazi.

Tunachofanya ni hiki. Kila gadi linawekewa ubao mpana chini yake, na magadi ya kulia na kushoto yanaunganishwa kwa mnyororo unaopita chini ya mkuku (uti wa chini wa mashua) ili yasitawanyike. Idadi ya magadi huongezwa kupita ile ya siku za kawaida. Kisha, na hili ndilo jambo kubwa, mashua inafungwa chini kwa mikanda ya poliesta inayoshika nanga za skrubu zilizozamishwa ardhini, au pete za chuma zilizomiminiwa zege. Mikanda ya nailoni haifai hapa, maana inanyumbuka, na mashua ikishapata nafasi ya kucheza itajinyanyua kutoka kwenye magadi. Yapo maeneo ambayo huchimba mashimo marefu wakautia mkuku ndani hadi mwili wa mashua ukaribie kugusa ardhi, wakaujengea matairi pembeni. Njia hiyo naipenda sana kwa sababu kitu kilichokwisha kukaa chini hakina pa kuangukia.

Kuhusu mlingoti sina maneno mengi: kama inawezekana, utolewe. Ni gharama na ni usumbufu, lakini mashua isiyo na mlingoti yadini ina sababu chache mno za kuanguka. Na ikiwa jirani yako hakuutoa wa kwake, omba mashua yako isogezwe mbali kuliko urefu wa mlingoti wake.

Mwana wa Mikoko

Naheshimu maoni ya fundi, ila yanachukulia kwamba yadi ipo juu ya maji. Yadi nyingi ziko usawa wa bahari, kwa sababu mashua lazima zifike hapo. Wakati wa Katrina mwaka 2005, maji yalipanda kwa takriban mita 8.5 huko Pass Christian, Mississippi. Maji ya kimo hicho hayaangalii mikanda wala magadi. Mashua huelea na kuondoka.

Kwangu mimi mikoko bado ndiyo kimbilio. Unaingiza omo (sehemu ya mbele ya mashua) ndani ya mkondo mwembamba, unafunga kamba nyingi pande zote, kila moja kwenye mashina kadhaa, chini karibu na mizizi, na unaweka nanga upande wa tezi, yaani nyuma. Matawi hupunguza upepo, udongo ni laini, na hata mashua ikisukumwa itagota kwenye majani badala ya mwamba.

Amari Ndefu

Ndugu Mwana wa Mikoko, nakubaliana nawe kuhusu maji, na nitaongeza kidogo. Baadhi ya watu hudhani bahari hupanda kwa sababu shinikizo la hewa limeshuka. Mchango huo upo, lakini ni mdogo: kiasi cha sentimita moja kwa kila hektopaskali moja, kwa hiyo hata shinikizo likishuka kwa hektopaskali 60 umepata sentimita 60 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji yaliyosukumwa na upepo kuelekea nchi kavu yakakosa pa kwenda, hasa palipo na bahari ya kina kifupi na ghuba inayofinya. Ndiyo sababu ghuba mbili zilizo jirani, katika kimbunga kimoja, zinaweza kupata maji ya vimo tofauti kabisa.

Kuhusu mikoko yenyewe, nakukumbusha Beryl. Mashua zilizoingia katika mikoko ya Tyrrel Bay pale Carriacou zilifanya karibu kila ulichokieleza, na nyingi zilikutwa zimelaliana, kwa sababu msitu ulikuwa umejaa kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali kuliko ule ambao mashina yake yangeweza kuustahimili. Mikoko ni kinga nzuri dhidi ya daraja la 1 na la 2. Kwa daraja la 4 sidhani kama tuna haki ya kuiita kinga.

Nimeahidi kuzungumzia kamba, na hapa ndipo ninapotaka tutumie muda. Nailoni inapendwa kwa sababu inanyumbuka na kumeza mishtuko. Sifa hiyo ndiyo ugonjwa wake pia. Kila wimbi linapoivuta mashua, kamba hurefuka na kusinyaa, na pale inapopita kwenye tundu la kuipitishia ukingoni mwa sitaha husugua mbele na nyuma mara maelfu kwa usiku mmoja. Nyuzi za ndani nazo husuguana zenyewe kwa zenyewe zikazalisha joto. Kamba zilizochunguzwa baada ya vimbunga zimekutwa zimeyeyuka ndani, nyuzi zimegandamana zikawa ngumu kama plastiki, ilhali gamba la nje halikuchubuka kiasi cha kumtisha mtu.

Kutokana na hilo yapo mambo mawili. La kwanza ni kinga ya mchubuko. Wengi huchukua kipande cha mpira wa maji ya bustani, wakakipasua na kukivisha kamba. Ni bora kuliko kuiacha wazi, lakini mpira huzuia mvua isiifikie kamba na kuipoza, na joto hubaki ndani. Kitambaa kizito cha kufuma, au mpira wa zimamoto ambao umefumwa kwa nyuzi, hupitisha maji. Kinga iwe ndefu: ianzie ndani ya sitaha, ipite tunduni, na itokeze nje kwa kipimo cha mkono mzima, kwa kuwa kamba ikivutwa itarefuka na sehemu iliyofunikwa itahama. Ishonwe au ifungwe kwa uzi kwenye kamba yenyewe, isiachwe ikiteleza.

La pili ni kubadilisha kamba mahali pa msuguano. Tumia poliesta kutoka kwenye kishikio cha sitahani hadi nje ya tundu, kwa kuwa poliesta hainyumbuki sana, kisha iunganishe na nailoni ndefu inayoanzia nje, ambako hakuna cha kuisugua. Kwa njia hiyo mnyumbuko unabaki pale unapohitajika, na ukingo wa chuma haupati kitu kinachosogea. Uunganishe kwa vitanzi viwili vinavyoshikana, kila kimoja kikiwa na kinga yake, kuliko kwa fundo, maana fundo hupunguza sana nguvu ya kamba.

Na vishikio vyenyewe vikaguliwe kwa chini. Fungua dari ndani ya omo, utazame bolti. Ukikuta zimefungwa kwa vibati vidogo vya pete, bila bamba la kutawanyia mzigo, basi nguvu ya mashua yako yote inaishia kwenye mashimo manne ya fibaglasi.

Mgeni wa Bahari

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimesoma kwa makini. Naomba kuuliza mambo mawili: urefu wa amari huhesabiwaje pale maji yanapotarajiwa kupanda, na nanga zipangwe vipi ikiwa upepo unageuka?

Amari Ndefu

Marahaba, ndugu yetu. La kwanza ni hesabu nyepesi inayosahauliwa mno. Tuseme unatia nanga kwenye kina cha mita 3, na omo yako iko mita 1.5 juu ya maji. Kwa uwiano wa kumi kwa moja, yaani urefu wa amari mara kumi ya kimo kutoka chini ya bahari hadi omoni, unahitaji mita 45. Sasa maji yakipanda mita 3, kimo chote kimekuwa mita 7.5, na zile mita 45 zimekuwa uwiano wa sita kwa moja wakati uleule ambapo upepo uko kileleni. Ulipaswa kutoa mita 75. Kwa hiyo kimo cha maji kinachotabiriwa kijumlishwe kabla ya kuzidisha, na nafasi ya kuzunguka itafutwe kulingana na urefu huo mpya.

La pili linategemea kitovu kinapita wapi. Katika Kizio cha Kaskazini upepo huzunguka kinyume cha saa. Ukisimama ukiupokea upepo usoni, kitovu kiko kuliani kwako, kidogo kwa nyuma. Ikiwa uko upande wa kulia wa njia ya kimbunga, ukitazama kinakoelekea, upepo utageuka polepole kufuata mwendo wa saa, na huo ndio upande mkali zaidi, kwa kuwa kasi ya kimbunga chenyewe kusonga mbele inajumlishwa kwenye upepo. Ukiwa kushoto utageuka kinyume. Kitovu kikikupitia juu, utapata utulivu wa udanganyifu, kisha upepo utarudi kutoka upande wa pili kabisa.

Kwa hiyo nanga moja, hata ikiwa kubwa, italazimika kugeuka na kujizika upya katikati ya dhoruba. Mpango ninaoupendelea ni nanga tatu zilizotawanywa kwa pembe za nyuzi 120, minyororo yake ikikutana kwenye swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka) moja nzito chini ya maji, na kutoka hapo kamba mbili fupi zikipanda hadi omoni. Upepo utoke utokako, daima kuna nanga moja au mbili za kuupokea, na mashua huzunguka mahali padogo. Kasoro yake ni kwamba inahitaji nafasi, inachukua karibu siku nzima kuipanga, na kuiondoa baadaye ni adha.

Kwa wanaotegemea boya la kudumu, ulizeni chini kuna nini. Bonge la zege linaloelezwa kwa uzito wake wa nchi kavu hupoteza kama asilimia 40 ya uzito huo likizama, kwa sababu ya maji linayoyasukuma. Nanga ya skrubu iliyozungushwa hadi ndani ya udongo mgumu haitegemei uzito wake, bali udongo ulio juu yake, na kwangu haina mshindani.

Mlingoti Mfupi

Naomba kuchokoza. Je, si afadhali mwenye mashua abaki ndani, awashe injini kupunguza mzigo wa nanga na kubadilisha kinga za kamba zinapochakaa? Wapo waliookoa vyombo vyao kwa njia hiyo.

Fundi wa Mkuku

Ndugu, nitakujibu bila kupamba. Katika upepo wa kilomita 150 kwa saa huwezi kutembea sitahani. Utatambaa, na mvua itakuwa inakupiga macho kiasi cha kutoiona omo. Kinga ya kamba haibadilishwi kwenye kamba iliyokaza hivyo. Injini inaweza kuvuta kamba iliyokatika ikaingia kwenye rafadha. Na hatari kubwa ni ile aliyoieleza mleta uzi: mashua nyingine inayokuja gizani, ambayo huwezi kuizuia kwa mikono. Tunaowasikia wakisimulia ni waliobaki hai. Funga, zima, shuka.

Mwana wa Mikoko

Naafiki, na hapo sibishani. Naomba tu tumalizie mambo ya ndani ya mashua kabla ya kushuka, kwa sababu watu hufunga kila kitu nje wakasahau kwamba mashua huzama pia kwa mvua.

Amari Ndefu

Umesema kweli. Mashua iliyobaki majini ifungwe valvu zote za chini isipokuwa zile za kutolea maji kwenye shimo la usukani, na matundu hayo yasafishwe majani. Mabomba ya hewa ya sitahani yatolewe, na mahali pake pafunikwe kwa vifuniko vyake. Tundu la ekzosi lizibwe kwa kizibo cha mbao, na alama ya kukumbusha iachwe kwenye swichi ya injini. Waya wa umeme wa gatini uchomolewe. Betri zijazwe kikamilifu, na mzigo wake pekee uwe pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya mashua. Kila kitu kingine kizimwe, lakini msitegemee kwamba pampu itashindana na mvua ya kimbunga kwa usiku mzima ikiwa kuna mahali panapovuja.

Kwa aliye gatini, kamba ziwe ndefu na zivuke hadi nguzo za mbali, ili maji yakipanda zisiivute mashua chini. Kama gati linaelea, tazameni kimo cha nguzo zinazolishikilia: maji yakizidi vilele vyake, gati zima huchomoka na mashua zote zikiwa zimefungwa juu yake, na hapo ubora wa kamba za mtu hausaidii kitu. Nguzo fupi ni sababu tosha ya kuondoka mapema.

Pigeni picha za kila hatua, ndani na nje, pamoja na nambari za vifaa. Someni mkataba wa bima mapema, kwa kuwa mikataba mingi ina makato makubwa zaidi kwa dhoruba iliyopewa jina, na baadhi inadai mpango wa maandishi unaoeleza mashua itakuwa wapi.

Ndugu mmoja ameniuliza kando kuhusu injini iliyozama. Maji ya chumvi yakiwa bado yameifunika, kutu huenda polepole. Mbio zake huanza injini inapotolewa hewani. Kwa hiyo isiinuliwe mpaka fundi, maji baridi mengi na mafuta viwe tayari. Ikitoka, ioshwe hapohapo, oili ya zamani imwagwe, sindano za dizeli au plagi zifunguliwe, maji yatolewe kwenye silinda kwa kuizungusha kwa mkono, kisha ijazwe oili mpya. Asiwepo mtu wa kujaribu kuiwasha kwa stata kabla ya hapo, maana maji yaliyobaki ndani ya silinda hayagandamiziki, na yanaweza kupinda vyuma ambavyo kimbunga kiliviacha vizima.